Tovuti ya Karakana ya Keko: Niliyoyapata Nikijifunza kwa Kufanya

Karakana ya mjomba wangu ipo Keko, Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Chang'ombe, mahali ambapo anayeoa, anayehamia nyumba mpya na anayefungua nyumba ya wageni wote hufika siku moja kuulizia samani. Wateja wake wengi walikuwa wakimfikia kwa mkono wa dalali, na dalali huweka chake juu ya bei kabla mteja hajashuka kwenye bajaji. Picha alizokuwa akizirusha kwenye status ya WhatsApp ziliishi saa 24 kisha zikafutika. Alichokitaka ni anwani moja ya kudumu ambayo angempa mtu, na mtu huyo akaona vitanda, akajua bei inaanzia wapi na akapata namba ya kupiga. Mimi ni mhasibu, na kabla ya hapo kompyuta kwangu ilikuwa ni majedwali ya hesabu na barua za ofisi. Niliichukua kazi hiyo nikiwa sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa HTML, lugha inayotumika kujenga kurasa za wavuti.

Darasa langu la kwanza lilikuwa ukurasa wa kwanza wa wavuti duniani, ule ulioandaliwa na Tim Berners-Lee alipokuwa kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, Uswisi, mwaka 1991, ambao nakala yake CERN waliirudisha mtandaoni mwaka 2013 kwenye anwani ya zamani ya info.cern.ch. Sikuufuata kwa ajili ya historia. Ukibonyeza Ctrl na U kwenye kivinjari cha kompyuta, kama Chrome, unaonyeshwa maandishi yaliyoujenga ukurasa ulio mbele yako, na ya ukurasa ule ni mafupi kiasi kwamba anayeanza anaweza kuyasoma yote bila kuchoka: kichwa cha habari, aya chache na viungo vingi, pasipo picha hata moja. Baada ya hapo nilifungua kwa njia hiyohiyo tovuti za kisasa za wauza samani, nikakutana na maelfu ya mistari nisiyoielewa, lakini katikati ya msitu huo nikazitambua tagi zilezile, yaani alama zinazokiambia kivinjari kila kipande ni nini: h1 kwa kichwa kikuu, p kwa aya, a kwa kiungo, img kwa picha. Mhasibu anajua kuwa kila debiti ina krediti yake, kwa hiyo desturi ya kufunga tagi uliyoifungua haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba kivinjari hakilalamiki. Ukisahau kufunga tagi, hakikuambii umekosea wapi. Kinakisia ulichokusudia na kukuonyesha kitu kinachokaribia, nawe unaweza kukaa nacho wiki nzima ukidhani ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Ndiyo maana nilizoea mapema kupitisha kila ukurasa kwenye kikaguzi cha bure cha W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kikaguzi ambacho hutaja hata namba ya mstari wenye tatizo.

Kuhusu programu ya kuandikia, Notepad ya kawaida inatosha kuanzia, mradi faili lihifadhiwe kwa mfumo wa UTF-8. Asiyefaa ni Word, kwa sababu huzibadilisha alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na kiungo chenye alama zilizopinda hakifunguki hata kama kwa macho kinaonekana sawasawa. Baadaye nilihamia Visual Studio Code, ambayo ni ya bure na hupaka tagi rangi tofauti na maandishi, na macho yangu yakapumzika.

Wenzangu kadhaa walinishauri nitumie WordPress, na ushauri wao una mantiki kwa mtu anayechapisha habari mpya kila siku. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, huhifadhi maandishi katika hifadhidata na kuujenga ukurasa kila anapofika msomaji, na uwezo wake mwingi unatokana na programu za nyongeza zilizoandikwa na watu mbalimbali. Programu hizo huhitaji kusasishwa, na ile iliyoachwa bila kusasishwa inaweza kuwa mlango wa wahalifu. Nilijiuliza ni nani Keko atakayekuwa akisasisha programu kila mwezi, katikati ya randa na msasa, nikakosa jibu. Kurasa tano za HTML zilizolala kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, bila hifadhidata hazidai matunzo ya namna hiyo. Kwa biashara ambayo mabadiliko yake ni bei na picha tu, bado naona huo ndio uamuzi ulionipunguzia kazi kuliko mwingine wowote.

Uandishi wa HTML wenyewe, kwa hiyo, haukuchukua muda mrefu. Muda ulikwenda kwenye yaliyotakiwa kuandikwa ndani ya tagi, na hapo ndipo nilipokabiliana na mjomba mwenyewe.

"Mjomba, bei haiandikwi," aliniambia. "Bei inaongelewa."

Alikuwa na sababu zake, na hazikuwa za kijinga. Mbao hupanda na kushuka kila lori linapoingia, na mninga wa leo si lazima uwe na bei ya mninga wa mwezi ujao. Majirani wakiiona bei yake, watashusha elfu kumi na kumchukua mteja mlangoni. Tena wateja wenyewe hawafanani, kwani yupo anayetaka vanishi ya kung'aa na droo chini ya kitanda, na yupo anayetaka chaga imara tu na kichwa cha kitanda kisicho na mbwembwe. Nilimjibu kwamba aliyekuwa akifaidika na bei isiyoandikwa ni dalali, kwa kuwa mteja asiyejua pa kuanzia huanzia popote anapoambiwa. Mimi mwenyewe, nikiwa mnunuzi, huziruka kurasa zinazosema "njoo inboksi kwa bei", na nilimwambia hivyo. Tulikubaliana hatimaye juu ya neno "kuanzia": kila ukubwa wa kitanda, yaani futi nne kwa sita, tano kwa sita na sita kwa sita, uwe na bei ya kuanzia kwa kila aina ya mbao, na juu ya orodha iandikwe tarehe ambayo bei hizo zilipitiwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo iliyomtuliza. Mteja akija na bei ya miezi minne nyuma, mjomba huonyesha tarehe na mazungumzo huendelea bila mtu kumwita mwenzake mwongo.

Nilizipanga bei hizo katika jedwali, safu za ukubwa kwenda chini na aina za mbao kwenda kulia: mkongo, mninga, mtiki, paini. Kwenye kompyuta yangu lilipendeza. Kwenye simu ya mjomba lilitoka nje ya kioo, na safu ya paini, ambayo ndiyo ya wateja wenye fedha kidogo, haikuonekana mpaka mtu asukume ukurasa kwa kidole. Niliuvunja mpangilio ule na kumpa kila ukubwa wa kitanda kisanduku chake chenye orodha fupi ya kwenda chini. Tangu hapo sikujenga tena ukurasa nikiutazama kwenye kompyuta pekee. Nilishika simu mkono mmoja, na si simu yangu, bali ile ya fundi msaidizi, ambayo ilikuwa ndogo na kioo chake kimepasuka pembeni.

Hapa upo mstari mmoja ambao ningependa kila anayeanza auweke kabla ya mengine yote, sehemu ya head ya ukurasa:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Usipokuwepo, simu hujifanya ina kioo kipana kama cha kompyuta, kwa kawaida pikseli (nukta za kioo) 980 hivi, kisha huupunguza ukurasa mzima uenee, na maandishi yanakuwa madogo kiasi cha kumlazimu msomaji kuyavuta kwa vidole viwili. Ukiwepo, ukurasa unapimwa kwa upana halisi wa simu na maandishi yanasomeka. Jirani wa mstari huo ni lang="sw" katika tagi ya html, ambao unakiambia kivinjari na programu za kuwasomea watu wasioona kwamba maandishi haya ni ya Kiswahili. Violezo vingi vya bure vinakuja na "en", na watu huviacha hivyo.

Rangi zilileta ubishi mfupi. Mjomba alipenda maandishi ya kahawia juu ya picha ya mbao ya mninga, kwa hoja kwamba biashara ni ya mbao. Ndani ya chumba yalisomeka kwa shida. Tulipotoka nje, saa sita mchana, hayakusomeka kabisa, naye akakubali bila kubembelezwa. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu tovuti kutumika na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na zipo zana za bure mtandaoni za kuipima. Maandishi meusi juu ya nyeupe hayana mjadala, kwa hiyo ndiyo tuliyoyachukua, na rangi ya mninga tukaibakiza kwenye mstari wa juu.

Kazi ya picha nayo ni kazi inayojitegemea. Samani za Keko hupangwa nje ya karakana, kando ya barabara, ambako vumbi la mbao na la magari hutua juu ya vanishi kabla haijakauka vizuri, na kamera ya simu hulikamata vumbi hilo kuliko macho. Tulipiga picha asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali na kabla magari hayajajaa, tukafuta kila kipande kwa kitambaa chenye unyevu na kukigeuza ili kichwa cha kitanda kionekane chote pamoja na mguu mmoja wa mbele. Mjomba alikuwa na picha nyingine kwenye simu, za masofa ya kifahari ambazo wateja humtumia na kumwambia awatengenezee yanayofanana nayo. Alitaka tuziweke. Nilikataa, kwanza kwa sababu ni kazi za watu na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda, na pili kwa sababu mteja akiona sofa ile atataka sofa ileile, na siku ya kuchukua mzigo ndipo ugomvi utakapoanza. Tukaweka kazi zake tu. Zilikuwa chache kuliko alivyotamani, lakini kila moja anaweza kusimama mbele yake na kusema ameitengeneza yeye.

Picha moja iliyotoka kwenye simu ilikuwa na upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti 4 hivi. Ukiweka picha 20 za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, mteja anapakua megabaiti 80 ili aone vitanda, na mwenye bando la siku ataufunga ukurasa kabla ya kitanda cha tatu. Kioo cha simu hakihitaji hata robo ya pikseli hizo. Nilizipunguza zote hadi upana wa pikseli 1,000, nikazihifadhi kwa JPEG ya ubora wa wastani, na nyingi zikashuka hadi kilobaiti 120 au chini ya hapo, huku mistari ya mbao ikiendelea kuonekana. Kwa hesabu hiyo, picha zote 20 zina uzito pungufu ya picha moja ya awali. Kisha niliongeza loading="lazy" kwenye tagi za picha zilizo chini, ili zipakuliwe pale tu msomaji anapozikaribia, na kila picha nikaiandikia maelezo ya alt, kama vile "Kitanda cha mninga futi tano kwa sita chenye droo mbili". Mtandao unapokwama, maelezo hayo ndiyo yanayotokea mahali pa picha, na mteja anajua alichokikosa.

Suala la jina la tovuti lilinifunza zaidi kuhusu watu kuliko kuhusu kompyuta. Chini ya .tz kuna makundi: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa mashirika yasiyo ya faida, .ac.tz kwa vyuo, .go.tz kwa serikali. Jina hukodishwa kwa kipindi, aghalabu mwaka, kupitia wasajili walioidhinishwa, na lisipolipiwa kwa wakati hatimaye linaweza kuchukuliwa na mwingine. Nilikuwa nimesikia habari za wafanyabiashara ambao fundi wa tovuti alisajili jina kwa jina lake mwenyewe, kisha akahama au akabadilisha namba, nao wakabaki na mabango yenye anwani isiyofunguka. Kwa hiyo nilitaka jina lisajiliwe kwa mjomba, kwa barua pepe yake. Ikabainika kwamba barua pepe yake ilifunguliwa na kijana wa dukani siku aliponunua simu, na mjomba hakuwahi kuijua nywila yake. Nadhani hali hii ni ya watu wengi sana kuliko wanavyokiri. Tulifungua barua pepe mpya, tukaiunganisha na namba yake ya simu kwa ajili ya kuirejesha, na nywila akaiandika kwenye daftari la vianzio (malipo ya awali) vya wateja, ambalo hulifungia kabatini. Wataalamu wa usalama hawatalipenda daftari hilo. Mimi naliona salama kuliko kichwa changu.

Kupakia mafaili kwenye seva ni jambo la kuburuta tu: unaingia kwenye akaunti uliyokodi, unafungua folda ya public_html, unaweka mafaili yako, na lile linaloitwa index.html ndilo linalofunguka mtu anapoandika anwani. Hata hivyo, picha zilizoonekana vizuri kwenye kompyuta yangu, nusu yake hazikuonekana mtandaoni. Windows huhesabu Kitanda.JPG na kitanda.jpg kuwa faili moja. Seva nyingi hutumia Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Dawa yake ni kuyapa mafaili yote majina ya herufi ndogo, yasiyo na nafasi, yenye vistari, kama kitanda-mninga-5x6.jpg, na kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Kwenye seva hiyohiyo niliwasha cheti cha usalama kinachofanya anwani ianze kwa https. Tangu Julai 2018 Chrome huziwekea tovuti zisizo na cheti onyo kwamba si salama, na mteja anayeombwa kianzio cha kitanda hapaswi kuliona onyo la namna hiyo. Vyeti vya Let's Encrypt ni vya bure, huisha baada ya muda mfupi, na seva nyingi huvihuisha zenyewe. Jambo jingine la kujua ni kwamba kivinjari hutunza nakala ya ukurasa kiliouona. Mara ya kwanza nilipobadilisha bei, mjomba alinipigia simu kulalamika kuwa bei ni zilezile, wakati simu yake ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha ukurasa wa jana.

Ukurasa wa kumwelekeza mteja ulinipa kazi nisiyoitarajia. Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, karakana ina namba na mtaa una jina kwenye kibao, na niliyaandika yote mawili. Lakini mteja anayetoka Mbagala hafiki kwa namba ya nyumba. Anafika kwa kuambiwa ashuke kituo gani, avuke upande upi, na aulize jina gani akipotea. Nilimwomba mjomba anielekeze kwa simu kama anavyowaelekeza wateja wake, nikaandika maneno yake yalivyo, pamoja na angalizo lake kwamba kirikuu hakiingii mpaka mlangoni mvua ikinyesha. Chini yake nikaweka kiungo cha ramani.

Kilicholeta wateja hasa ni kiungo cha WhatsApp chini ya kila kitanda. Anwani yake huanza na wa.me, ikifuatiwa na mkwaju (/) na namba ya simu iliyoanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiongeza ?text= na maneno, mteja akibonyeza anakuta ujumbe umekwisha kuandikwa, na nafasi kati ya maneno huandikwa %20. Hivyo chini ya kitanda kile cha droo mbili, ujumbe unasema: "Habari, naulizia kitanda cha mninga 5x6 chenye droo." Zamani mjomba alikuwa akipokea "bei gani?" tupu na kuanza kuuliza bei ya nini. Sasa ujumbe unaingia ukiwa na jina la kitanda, naye hujibu moja kwa moja. Nilifikiria pia kuweka fomu ya kujaza jina, simu na mahali anapoishi mteja, lakini fomu inahitaji programu ya upande wa seva, na ukikusanya taarifa za watu unaingia kwenye wajibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa karakana yenye mafundi wachache, simu inatosha.

Ukurasa wa "Kuhusu Sisi" nilikuwa nimeuandika kwa mbwembwe, wenye dira na dhima kama ya wizara. Mjomba aliusoma akauliza ni nani huyo anayezungumziwa. Tukaufuta, tukaweka sentensi tatu: ameanza lini, anatumia mbao gani, na kwamba kitanda kikilegea ndani ya mwaka mmoja anakuja kukikaza bila malipo. Sentensi ya tatu ndiyo ambayo wateja huitaja wanapopiga simu.

Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye anayebadilisha bei na tarehe siku hizi. Nilimwonyesha tagi chache zinazomhusu, nikamwekea nakala ya tovuti nzima pembeni ili akiharibu tuweze kurudisha, nikamwacha. Hivi karibuni shule moja ya jirani iliagiza madawati, naye akanakili ukurasa wa vitanda, akabadilisha maneno na picha, na kuupandisha ukurasa wa madawati bila kuniuliza. Majina ya mafaili yalikuwa ya herufi ndogo yote. Alichokiacha ni ujumbe wa WhatsApp, kwa hiyo mwalimu mkuu wa kwanza kubonyeza kiungo aliomba kitanda cha sita kwa sita.